Safari ya Indonesia: Mazoea ya nyumbani yasikuponze

Katika safu yetu ya afya na usafi leo tutazungumzia safari. Siku hizi si jambo la ajabu kusikia mtaani kuwa kijana wa fulani amepata nafasi ya kusoma Indonesia, au kuwa mfanyabiashara wa nguo ameondoka kwenda Jakarta kuchukua mzigo katika soko kubwa la Tanah Abang. Safari ikishathibitika, nyumba nzima hushughulika na nauli, viza, zawadi na nguo. Afya hukumbukwa usiku wa mwisho, na mara nyingi hukumbukwa kwa kutia paketi ya panadol mfukoni, basi.

Somo letu la leo ni hili: Indonesia inafanana na kwetu kwa mambo mengi, na kufanana huko ndiko kunakoweza kumponza msafiri. Mtu akienda nchi ya baridi na theluji hujihadhari, kwani anajua kuwa yuko ugenini. Lakini akifika mahali penye minazi, ndizi, joto, mbu na adhana tano kwa siku, hujiona yuko nyumbani, akaendesha maisha kwa mazoea ya nyumbani. Tutaona kuwa baadhi ya mazoea hayo yanafaa, na mengine yanaweza kumgharimu mtu uhai wake.

Ni nchi ya namna gani?

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000 iliyoko Kusini Mashariki mwa Asia. Ina watu zaidi ya milioni 270, na takriban 87 katika kila 100 ni Waislamu. Hakuna nchi ya Asia ya Kusini Mashariki yenye watu wengi zaidi ya hiyo. Magari hupita upande wa kushoto kama ilivyo Tanzania, Kenya na Uganda. Hata lugha inakaribiana na yetu kwa maneno yaliyotoka Kiarabu: wao husema "kabar", sisi husema habari, wao "waktu", sisi wakati, wao "sabun", sisi sabuni, wao "musim", sisi msimu.

Hiyo ni neema kwa msafiri, lakini tusisahau kuwa kijidudu cha ugonjwa hakiulizi dini ya mtu wala hakijali salamu. Aidha, nchi hii ni kubwa, na hali ya Jakarta siyo hali ya Papua. Hivyo basi, jambo la kwanza la kumuuliza anayesafiri ni: unakwenda kisiwa gani, na mji gani?

Maandalizi kabla ya kuondoka

Ni vyema msafiri aende kituo cha afya wiki 4 hadi 6 kabla ya safari, kwani baadhi ya chanjo huhitaji muda ili zifanye kazi. Mambo ya kuulizia ni haya:

1. Homa ya manjano. Indonesia hudai cheti cha chanjo hii kwa msafiri anayetoka katika nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Ulizia masharti ya nchi yako mapema, na usisahau nchi utakazopitia njiani. Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Tangu Julai 2016 cheti hicho hutambuliwa kwa maisha yote ya aliyechanjwa, hivyo cha zamani kinafaa. Chanja katika kituo kinachotambuliwa na serikali. Cheti cha kununua hakina kinga ndani yake.

2. Homa ya matumbo (taifodi) na homa ya ini aina ya A. Magonjwa haya huenezwa kwa maji na chakula kilichochafuliwa, na yote mawili yana chanjo.

3. Pepopunda, homa ya ini aina ya B, na surua kwa watoto na vijana ambao hawakukamilisha chanjo zao.

4. Kichaa cha mbwa. Anayekwenda kukaa miezi au miaka, hasa nje ya miji mikubwa, azungumze na daktari juu ya kuchanjwa kabla ya safari.

Mwenye kisukari, shinikizo la damu, pumu au kifafa achukue dawa za kutosha kipindi chote na ziada ya wiki 2, azibebe katika mkoba wa mkononi, zikiwa ndani ya vifungashio vyake vya asili pamoja na barua ya daktari. Ukizitia katika sanduku la chini na sanduku likapotea, umebaki bila dawa katika mji usioujua.

Mbu wa huko huuma mchana

Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa tukijua kuwa adui ni mbu wa usiku. Jua likizama tunafunga madirisha, tukilala tunashusha chandarua. Hayo ni mazoea mema na yameokoa wengi. Lakini katika miji ya Indonesia adui mkubwa ni mbu mwingine, anayeitwa Aedes. Ni mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi baada ya jua kuchomoza, na alasiri kuelekea magharibi. Huambukiza homa ya dengue, ambayo kwa Kiswahili huitwa pia kidingapopo. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka kwa milipuko ya mwaka 2014 na 2019, na Mombasa nayo imeipata mara kadhaa. Indonesia huwa nayo kila mwaka, na wenyeji huiita "demam berdarah", yaani homa ya damu.

Mbu huyu hapendi mtaro mchafu. Hutaga mayai katika maji masafi yaliyotuama: ndoo, pipa, chombo cha maua, gurudumu kuukuu, na kisima kidogo cha bafuni. Katika nyumba nyingi za Indonesia bafuni kuna kisima cha vigae kinachoitwa "bak mandi", ambacho hujazwa maji, na mtu huyachota kwa kata ili kuoga na kutawadha. Mayai hugandamana ubavuni juu ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yakipanda. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 10 hivi. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi; ni lazima kusugua kuta za kisima kila wiki.

Wenyeji wenyewe wamefundishwa hili kwa maneno matatu yanayoanza na herufi M: kumwaga na kusugua vyombo vya maji, kuvifunika, na kufukia takataka zinazoshika maji. Huiita kampeni ya 3M, na watoto wa shule huijua. Katika mji wa Yogyakarta kulifanyika utafiti mkubwa ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021. Mbu wa Aedes walipandikizwa bakteria iitwayo Wolbachia, ambayo huzuia virusi vya dengue kukua mwilini mwa mbu, kisha wakaachiwa katika baadhi ya mitaa. Mitaa hiyo ilipata wagonjwa wa dengue pungufu kwa asilimia 77 ikilinganishwa na mitaa mingine. Hiyo ni habari njema, lakini msafiri asiitegemee peke yake.

Kwa hiyo afanye nini? Avae nguo ndefu zenye mikono mirefu, jambo ambalo kwa dada zetu ni rahisi, na kaka zetu nao waache kaptula. Apake mchana dawa ya kufukuza mbu sehemu zilizo wazi: mikono, shingo, na hasa vifundo vya miguu na nyayo, kwani msikitini viatu vimevuliwa na mbu huyu hupenda miguu. Losheni hizo zinauzwa katika maduka madogo kila mtaa. Mwanafunzi anayepanga chumba akague bafu siku ya kwanza. Akiona viluwiluwi katika bak mandi, amwage, asugue, asisubiri kesho. Mtoto mchanga anayelala mchana alale ndani ya chandarua hata mchana.

Homa: usijitibu kwa mazoea

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na tunaomba msomaji asome polepole.

Kwetu sisi mtu akipata homa husema "malaria hiyo". Wengine hunywa dawa mseto bila kupima. Wengine hubeba dawa hizo safarini, na homa ikija huzinywa chumbani. Lakini katika miji mikubwa ya Java, malaria ni nadra sana. Malaria ya Indonesia iko zaidi mashariki ya mbali, hasa Papua. Msafiri wa Jakarta au Yogyakarta anayepata homa kali ya ghafla, kichwa kuuma, maumivu nyuma ya macho, viungo na mifupa kuuma kama inavunjika, na pengine vipele, aifikirie dengue kwanza. Dawa ya malaria haitamsaidia kitu.

Mbaya zaidi ni dawa za maumivu. Katika dengue damu inaweza kupungukiwa uwezo wake wa kuganda. Asprini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutoka damu. Usizimeze, na usikubali kuchomwa sindano ya maumivu bila kujua ni dawa gani. Kinachoruhusiwa ni parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa, pamoja na kunywa maji mengi, madafu, supu na maji ya chumvi na sukari.

Jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui: siku ya hatari ya dengue siyo ile ambayo homa iko juu. Ni pale homa inaposhuka, kwa kawaida kati ya siku ya 3 na ya 7. Mgonjwa husema "Alhamdulillahi, nimepoa", na walio mbali wakipigiwa simu hufurahi. Kumbe ndani ya mwili maji ya damu yanaweza kuwa yanavuja kutoka mishipani. Dalili za kumkimbiza hospitali mara moja ni hizi:

- tumbo kuuma sana;
- kutapika mfululizo;
- damu kutoka puani, kwenye fizi, katika matapishi au katika choo;
- kulegea sana, kuhangaika au kusinzia isivyo kawaida;
- mikono na miguu kuwa baridi, au kupata mkojo kidogo sana.

Dengue ina aina 4 za virusi. Aliyeugua aina moja akipona hupata kinga ya kudumu dhidi ya aina hiyo tu, na akiambukizwa aina nyingine baadaye, hatari ya kuzidiwa huongezeka. Hivyo aliyeugua Dar es Salaam mwaka 2019 asiseme "mimi nilishaumwa, sina wasiwasi". Yeye ndiye wa kujihadhari zaidi.

Sasa tuangalie upande wa pili. Msafiri anaweza kuondoka nyumbani akiwa na vimelea vya malaria bila kujua. Aliyeumwa na mbu Tanga au Kisumu anaweza kuanza kuugua siku 7 hadi mwezi mmoja baadaye, na pengine zaidi, akiwa tayari yuko Jakarta. Daktari wa Jakarta, ambaye kila siku anaona dengue na homa ya matumbo, anaweza asiifikirie malaria asipoambiwa. Na malaria yetu ya Afrika, hasa ile ya falciparum, inaweza kuua ndani ya siku chache. Kwa hiyo kila mwenye homa katika miezi ya mwanzo aseme waziwazi: "Nimetoka Afrika, kwetu kuna malaria, naomba nipimwe." Sentensi hii fupi inaweza kuokoa maisha.

Vivyo hivyo akirudi. Dalili za dengue huanza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu, na mara chache hufika siku 14. Mfanyabiashara aliyerudi juzi akipata homa, asiishie kupima malaria tu kisha akaambiwa hana kitu. Amwambie daktari ametoka nchi gani na amerudi lini.

Halali na safi ni mambo mawili

Katika Indonesia chakula halali kipo kila mahali, isipokuwa msafiri awe mwangalifu katika kisiwa cha Bali, ambako wakazi wengi ni Wahindu, na katika baadhi ya maeneo yenye Wakristo wengi. Nchi hiyo ina sheria ya bidhaa halali ya mwaka 2014, na alama ya halali huonekana kwenye vyakula vingi vya viwandani.

Hata hivyo alama hiyo haikuambii kama wali ulipikwa leo au ulibaki jana. Dini yetu imetutaka tule kilicho halali na pia kilicho kizuri na safi, na mambo haya mawili yanaulizwa kila moja kwa nafasi yake. Msafiri anayeridhika kwa kuwa muuzaji amevaa kofia ya kiua hajakamilisha uchunguzi.

Katika vibanda vidogo vinavyoitwa "warung", na mikokoteni ya barabarani, kipo chakula kitamu na cha bei nafuu. Hatusemi kisiliwe, ila tunashauri hivi:

- Kula kilichopikwa mbele yako na kutolewa kikiwa cha moto. Vyakula vya mtindo wa Padang hupangwa sahani kwa sahani dirishani, na vinaweza kukaa hapo kutwa. Nenda mapema vikiwa vibichi kutoka jikoni.
- Pendelea kibanda chenye wateja wengi wenyeji, kwani chakula hakilali.
- Jihadhari na majani na mboga mbichi zinazowekwa pembeni mwa sahani, na pilipili ya kusaga iliyoachwa wazi.
- Tunda menya mwenyewe. Ndizi, chungwa na embe lenye ganda ni salama kuliko matunda yaliyokatwa na kumwagiwa maji.

Wenyeji wengi hula kwa mkono wa kulia kama sisi, na mezani huletwa bakuli dogo la maji ya kuchovya vidole. Huliita "kobokan". Ni adabu nzuri, lakini maji yasiyo na sabuni, tena ya bakuli, hayaondoi vijidudu. Inuka ukanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka, kisha ukae ule. Neno "sabun" watakuelewa mara moja.

Maji ya kunywa na maji ya udhu

Maji ya bomba ya Indonesia hayanywewi bila kuchemshwa. Wenyeji wenyewe hawayanywi. Huchemsha, au hununua maji ya chupa na ya madumu makubwa. Ukiwa mgeni wa mtu omba "air matang", yaani maji yaliyochemshwa. Chupa ya dukani angalia kifuniko kama hakijafunguliwa. Barafu iliyokatwa kutoka bonge kubwa iepuke, kwani huwezi kujua ilitengenezwa kwa maji gani wala ilibebwa juu ya nini. Mswaki nao upigwe kwa maji ya kunywa.

Wapo wanaouliza: je, udhu? Kusukutua na kupandisha maji puani si kunywa. Tawadha kwa maji ya msikitini bila wasiwasi, ila usiyameze, yateme yote. Mfundishe mtoto hivyohivyo, kwani watoto hupenda kumeza maji ya bomba wakitawadha wakati wa joto.

Ukiharisha

Hata mwenye kujihadhari anaweza kuharisha. Kinachoua katika kuharisha mara nyingi ni kukaukiwa maji mwilini. Nunua katika duka la dawa, wanaloliita "apotek", pakiti za chumvi za kuchanganya na maji, ambazo wao huziita "oralit". Ukizikosa, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa juu, na chumvi isizidi. Kunywa kidogokidogo kila baada ya choo. Nenda hospitali ukiona damu katika choo, homa kali, kutapika kusikokoma, au mtoto macho yakiwa yamedidimia na hana machozi.

Dawa za maji za watoto zichukuliwe katika duka la dawa linalotambulika, siyo sokoni. Mwaka 2022 Indonesia ililazimika kusimamisha kwa muda uuzaji wa dawa hizo baada ya watoto wengi kufariki kwa kuharibika figo, kutokana na dawa zilizokuwa na kemikali za sumu.

Mbwa, paka na nyani

Kisiwa cha Bali kiliingiwa na kichaa cha mbwa mwaka 2008, na ugonjwa huo upo katika sehemu nyingi za Indonesia. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini unazuilika kabisa mtu akitibiwa mapema. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa, paka au nyani, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe, na umalize sindano zote.

Ndugu zetu wengine, mbwa akiwagusa, hushughulika kwanza na twahara, wakatafuta udongo wa kuoshea. Twahara ya sala ina nafasi yake na haikupiti. Jeraha ndilo lisilosubiri. Anza na sabuni na chanjo, mengine yatafuata.

Barabarani

Hofu ya msafiri huwa kwenye ndege, lakini ajali za barabarani ni miongoni mwa mambo yanayoua wasafiri wengi duniani. Indonesia ina pikipiki zaidi ya milioni 100. Bodaboda zao huitwa "ojek", na siku hizi wengi huziita kwa simu kupitia kampuni kama Gojek na Grab. Faida yake ni kuwa dereva na namba ya pikipiki vimeandikwa, nauli inajulikana, na abiria hupewa kofia ngumu. Ivae na uifunge mkanda. Dada avae nguo isiyoning'inia karibu na gurudumu. Baibui na mtandio vikusanywe vizuri, kwani vikinaswa vinaweza kumwangusha. Usiku na wakati wa mvua kubwa panda gari. Usikodi pikipiki bila leseni inayotambulika huko, kwani bima za safari kwa kawaida hukataa kumlipa asiye na leseni.

Ardhi ikitikisika

Indonesia ni nchi ya matetemeko na volkano. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lililotokea pwani ya Aceh lilizusha mawimbi ya tsunami yaliyoua zaidi ya watu 160,000 nchini humo peke yake, na yakafika hadi Somalia, Kenya na Tanzania, ambako pia watu walipoteza maisha. Lakini liko funzo. Kisiwa cha Simeulue kilikuwa karibu sana na chanzo cha tetemeko, na kilikuwa na wakazi zaidi ya 70,000. Waliokufa ni watu 7 tu. Sababu ni kwamba wazee wa huko waliwasimulia watoto wao habari za mawimbi ya mwaka 1907, ambayo waliyaita "smong": ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, kimbilieni mlimani.

Msafiri ashike kanuni hiyo. Ukiwa karibu na bahari ukahisi tetemeko kali au la muda mrefu, usisubiri king'ora wala usirudi chumbani kuchukua mizigo. Panda juu, na ubaki huko mpaka wenye mamlaka waruhusu kushuka.

Mizigo ya watu na dawa za kulevya

Sheria ya Indonesia juu ya mihadarati ni kali hadi adhabu ya kifo. Usibebe begi, kifurushi wala "zawadi ya jamaa" usiyoifungua na kuipanga kwa mkono wako, hata anayekupa awe ni mtu mnayesali naye safu moja. Mirungi nayo usiibebe, kwani kemikali iliyomo ndani yake imo katika orodha ya mihadarati ya nchi hiyo.

Ukiumwa, uende wapi?

Vituo vya afya vya serikali vya mitaani huitwa "puskesmas", na hospitali huitwa "rumah sakit". Jumuiya ya Muhammadiyah, iliyoanzishwa Yogyakarta mwaka 1912, inaendesha hospitali nyingi ambazo hupokea watu wote. Simu ya gari la wagonjwa ni 119, polisi ni 110, na katika miji mingi 112 hupokea dharura zote. Andika namba hizi katika karatasi pamoja na anuani ya unapoishi, namba ya bima, namba ya ubalozi wa nchi yako au ulio karibu, aina ya damu yako na dawa usizopatana nazo. Simu huisha chaji, karatasi haiishi.

Maswali ya kujipima nyumbani

Kabla ya msafiri kuondoka, familia ikae pamoja baada ya chakula cha usiku na kuulizana haya:

1. Je, mbu wa dengue huuma wakati gani, na huzaliana wapi?
2. Ni dawa zipi za maumivu ambazo hazifai kwa mwenye dengue?
3. Homa ikishuka siku ya 4, kwa nini bado tunamwangalia mgonjwa?
4. Ni sentensi gani ambayo msafiri wetu atamwambia daktari akipata homa?
5. Jeraha la mbwa huoshwa kwa nini, na kwa dakika ngapi?

Msafiri asipoweza kujibu maswali haya, asome tena. Na anayebaki nyumbani naye ayajue majibu, kwani mara nyingi ni mama au mke anayepokea simu ya usiku na kuulizwa, "Nina homa, ninywe dawa gani?" Jibu lake ndilo linaloweza kumpeleka mgonjwa hospitali au kumlaza chumbani.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, waende kwa salama na warejee kwa salama. Wabillahi tawfiq.